Kafi ya Kisufi na Sauti ya Ustadhi: Tatizo la Ufundi na Unyenyekevu

1.0 Utangulizi

Katika muziki wa Bara Hindi neno kafi hutumika kwa maana mbili ambazo hazina budi kutenganishwa tangu mwanzo. Kwa maana ya kwanza, kafi ni jina la raga, na pia ni jina la mojawapo ya makundi kumi ya ngazi za sauti ambayo mtaalamu Vishnu Narayan Bhatkhande (1860–1936) aliyatumia kuainisha raga za kaskazini. Kwa maana ya pili, ambayo ndiyo inayotuhusu hapa, kafi ni utungo wa kuimbwa wa washairi wa Kisufi wa Punjab, Sindh na maeneo yasemayo Kisiraiki. Utungo huu una beti fupi, una kibwagizo kinachorejewa baada ya kila ubeti, na aghalabu jina la mtunzi hutajwa katika ubeti wa mwisho. Kafi ya aina hii huweza kuimbwa katika raga yoyote inayoafikiana nayo. Haifungwi na raga yenye jina hilo.

Makala haya yanahusu kafi inapoimbwa na watu waliolelewa katika muziki wa raga, yaani maustadhi waliofunzwa tangu utotoni kuitawala sauti kwa kanuni kali za ngazi na mapigo. Uimbaji wao wa kafi umesifiwa na wengi, lakini umekuwa pia ukilaumiwa kutoka pande mbili. Wako wanaouona kuwa ni kazi nyepesi isiyostahili hadhi ya ustadhi. Wako pia wanaouona kuwa ni mzigo wa mapambo uliotwishwa maneno ya mafakiri. Tunavyoona sisi, lawama zote mbili zinakwepa swali lililo gumu zaidi. Kafi ni ushairi wa mtu anayejifuta nafsi yake mbele ya mpendwa, ilhali muziki wa raga ni sanaa ya mtu anayeonyesha umahiri wake mbele ya hadhira. Je, yawezekanaje sanaa ya kujionyesha ikabeba ushairi wa kujifuta? Rai tunayoitetea ni kwamba yawezekana, na kwamba katika maonyesho yaliyo bora umahiri ndio unaotolewa sadaka. Asiye na umahiri hana cha kukitoa.

2.0 Watunzi na nafsi inayosema katika kafi

Miongoni mwa watunzi wa mwanzo wanaokumbukwa sana ni Shah Hussain wa Lahore (1538–1599), ambaye kaburi lake liko Baghbanpura na huadhimishwa kila mwaka kwa sikukuu ya taa. Baada yake alikuja Bulleh Shah wa Kasur (takriban 1680–1757). Huko Sindh walikuwako Shah Abdul Latif wa Bhit (takriban 1689–1752) na Sachal Sarmast (1739–1827). Khwaja Ghulam Farid (1845–1901), aliyetunga kwa Kisiraiki na aliyeipenda mno jangwa ya Rohi, huhesabiwa na wengi kuwa kilele cha utanzu huu.

Washairi hawa, wote wakiwa wanaume, walipenda kusema kwa nafsi ya mwanamke. Wakati mwingine mwanamke huyo ni Hir anayemlilia Ranjha. Wakati mwingine ni Sassui, anayevuka jangwa kwa miguu kumfuata Punhun, au Sohni, anayezama katika mto Chenab kwa kuwa chungu alichokishika ili kuelea hakikuwa kimechomwa. Katika tungo nyingi za Shah Hussain na Bulleh Shah, msemaji ni msichana aliyeketi kwenye gurudumu la kusokotea pamba, ambaye siku ya kuolewa imemkaribia naye hajakamilisha vitu vya kwenda navyo. Msomaji hahitaji ufafanuzi mrefu kuona kwamba ndoa hiyo ni mauti, na kwamba nyuzi ambazo hazikusokotwa ni amali ambazo hazikutendwa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba nafsi hii ni duni kwa makusudi. Haidai elimu, haidai ukoo, haidai hata wema. Maisha ya Bulleh Shah yenyewe husimuliwa kwa namna hiyo hiyo. Yeye alikuwa Sayyid, naye alimfuata Shah Inayat Qadiri wa Lahore, mtu wa jamii ya Arain, yaani wakulima wa bustani, na mapokeo yanaeleza jinsi jamaa zake walivyomlaumu kwa kuushusha ukoo wao. Kwa hiyo kudhalilika kwa hiari ni msingi wa kafi kwa maana na kwa historia. Mwimbaji anayeichukua kafi anachukua pamoja nayo dhima hiyo.

3.0 Kafi katika nyumba za maustadhi

Si sahihi kudhani kwamba kafi ilikuwa mali ya wanakijiji wasiojua raga hadi maustadhi walipoitwaa. Tungo za Shah Hussain zimepokewa zikiwa zimeambatanishwa na majina ya raga. Diwani ya Shah Abdul Latif, Shah Jo Risalo, imegawanywa katika sura ziitwazo sur, ambazo baadhi yake zina majina ya raga na nyingine majina ya wahusika wa visa. Ndani ya sur hizo beti hufuatwa na wai, utungo ulio ndugu wa kafi. Hadi leo mafakiri wa Bhit Shah huziimba kila usiku kwenye kaburi lake, wakipiga danburo yenye nyuzi tano na kuipandisha sauti juu kuliko sauti ya kawaida ya mwanamume. Yumkini hakuna uimbaji wa kafi ulio mbali zaidi na jukwaa, lakini nao una kanuni zake, una mafunzo yake na una warithi wake.

Hata hivyo, uhusiano wa kafi na nyumba za maustadhi, zinazoitwa gharana, uliongezeka nguvu katika karne ya 20. Kituo cha redio cha Lahore kilifunguliwa mwaka 1937, na waimbaji wa raga wakapata hadhira ambayo haikuzoea kukaa saa nzima ikisikiliza khayali moja. Kisha ukaja mgawanyiko wa mwaka 1947. Familia za maustadhi waliokuwa mashariki mwa Punjab zilivuka mpaka, na falme ndogo zilizokuwa zikiwalisha waimbaji zilitoweka katika miaka michache. Nazakat Ali Khan na mdogo wake Salamat Ali Khan (1934–2001) walitoka katika gharana ya Sham Chaurasi, iliyojulikana kwa mtindo mzito wa dhrupad. Walihamia Multan, baadaye Lahore. Multan ni kitovu cha Kisiraiki, na kafi ikawa sehemu ya kudumu ya maonyesho ya Salamat.

Upande wa gharana ya Patiala, Zahida Parveen (aliyefariki mwaka 1975), mwanafunzi wa Ashiq Ali Khan, alizipa kafi za Khwaja Ghulam Farid heshima ambayo waimbaji wa khayali walikuwa wakiitafuta katika tungo nyingine. Huko Sindh, Manzoor Ali Khan, aliyetoka katika nasaba ya Gwalior, aliiweka kafi ya Kisindhi katikati ya kazi yake. Abida Parveen, aliyezaliwa Larkana mwaka 1954, alifunzwa kwanza na baba yake, Ghulam Haider, kisha na Salamat Ali Khan. Upande wa India, ndugu Puranchand na Pyarelal Wadali, kutoka kijiji kilicho karibu na Amritsar, waliziimba tungo za Bulleh Shah na Shah Hussain kwa sauti zilizofunzwa kwa raga, hadi Pyarelal alipofariki mwaka 2018.

Historia hii inatufundisha kwamba kafi ilishika nafasi kubwa kwa maustadhi wakati walipopoteza mengi: nyumba, walezi wa sanaa yao na hadhira ya zamani. Hatudai kwamba hasara hiyo ndiyo sababu pekee. Twasema tu kwamba mwimbaji aliyehamishwa hakuhitaji kubuni kilio cha Sassui anayeachwa jangwani.

4.0 Lawama mbili

Lawama ya kwanza hutoka kwa wapenzi wa khayali. Kwao, kafi pamoja na thumri na ghazali ni muziki mwepesi, wa kumalizia usiku baada ya kazi kubwa kwisha. Mizani wanayoitumia ni ile ya khayali. Katika khayali ya taratibu, maneno ni machache sana, mara nyingi mishororo miwili au minne, na mzunguko mmoja wa tala ya mapigo 12 huweza kuvutwa hata ukachukua dakika nzima. Neno huwa kama msumari ambao mwimbaji anautundikia raga yake. Kafi huenda kwa tala fupi, mathalani kaharwa yenye mapigo 8 au dadra yenye mapigo 6, na maneno yake ni mengi na yana uzito. Mwenye kuipima kafi kwa urefu wa alapu yake na wingi wa tani zake, yaani mifululizo ya haraka ya sauti, ataiona kuwa ni khayali iliyopungua. Huyo anapima urefu kwa kibaba.

Lawama ya pili ina uzito zaidi, nasi hatuipuuzi. Inatoka kwa wapenzi wa mafakiri na waimbaji wa vijijini. Wao humtaja Pathanay Khan (1926–2000) wa Kot Addu, ambaye hakulelewa katika gharana, naye aliziimba kafi za Khwaja Ghulam Farid kwa sauti kavu isiyo na pambo, neno moja baada ya jingine, na wasikilizaji wakalia. Ikiwa maneno matupu yatosha, wanauliza, ustadhi anaongeza nini isipokuwa nafsi yake? Na nafsi ndiyo hasa kafi inayoikataa.

Kwa hakika yako maonyesho yanayostahili lawama hii. Mwimbaji hufika kwenye neno la huzuni, akaliacha likining'inia, akaanza kuyataja majina ya sauti za ngazi kwa kasi ya kushangaza, akashindana na mpiga tabla, hadhira ikashangilia, kisha akarudi kwenye neno lake kama mtu arudiye kuchukua kofia aliyoisahau. Katika onyesho la namna hiyo msichana wa gurudumu ametoweka, na mahali pake amekaa mwanasarakasi. Lakini kosa hilo ni la mwimbaji. Kulifanya kuwa kosa la mafunzo yenyewe ni sawa na kuilaumu elimu ya arudhi kwa sababu ya mashairi yenye vina kamili yasiyo na maana.

5.0 Umahiri unaotolewa sadaka

Tuangalie sasa namna onyesho lililo bora linavyokwenda. Mara nyingi ustadhi huanza na ubeti mmoja au miwili isiyo ya kafi yenyewe, akiighani bila tala, juu ya mvumo wa kinanda cha mvukuto au wa tanpura. Katika sehemu hii anaijenga raga. Anaonyesha ni sauti zipi zinazoruhusiwa, ipi ni nyumbani, ipi hupitiwa tu bila kutuliwa. Msikilizaji, hata asiyejua jina la raga hiyo, huanza kuzoea mipaka yake. Kisha tabla huingia, na kibwagizo hutajwa kwa mara ya kwanza kwa njia nyepesi, kama jambo la kawaida.

Kibwagizo kinaporudi mara ya pili, ya tano, ya kumi, maneno hayabadiliki. Kinachobadilika ni mahali ambapo sauti inalikamata neno. Neno "mimi" laweza kutajwa kutoka juu, kisha likavutwa taratibu hadi sauti ya chini kabisa ya ngazi na kuachwa huko. Neno "njoo" laweza kuulizwa, kuamriwa, kusihiwa, na mwisho likasemwa na mtu asiyetarajia tena kujibiwa. Maustadhi wana istilahi ya kazi hii, ambayo maana yake ni kuyatengeneza maneno. Kwa mtazamo wa mhakiki wa fasihi, hiyo ni tafsiri ya matini, inayofanywa kwa sauti mbele ya watu. Kibwagizo ambacho kwenye karatasi kinachapishwa mara moja na kuashiriwa kwa vitone hupata ukumbini maana nane au kumi zinazopishana.

Jambo la pili ni kuvunjwa kwa kanuni. Raga kadhaa zinazopendwa katika kafi, kama vile Bhairavi, Pilu na Pahari, humruhusu mwimbaji kuingiza sauti ngeni. Katika Bhairavi inayoimbwa kwa mtindo wa thumri au kafi, sauti zote kumi na mbili huweza kusikika, ilhali ngazi yenyewe ina saba. Hapa ndipo tunapoona thamani ya malezi ya raga. Mwimbaji ambaye hakuijenga mipaka hawezi kuivuka, kwa kuwa hakuna atakayejua kwamba amevuka. Ustadhi aliyetumia robo saa kuulinda mpaka, kisha kwa neno moja la Bulleh Shah akagusa sauti iliyokatazwa na kurudi, ametenda kwa koo lake jambo ambalo shairi linalisema kwa maneno: yuko aliyezijua sheria za ukoo wake na akazivuka kwa ajili ya mpendwa.

Jambo la tatu ni kunyamaza. Salamat Ali Khan alisifika kwa hesabu za mapigo na kwa kasi ya sauti zake. Hakuna aliyetilia shaka kwamba angeweza kuijaza kila nafasi ya tala. Kwa sababu hiyo, nafasi aliyoiacha tupu katika kafi ilikuwa na uzito. Abida Parveen, mwanafunzi wake, amekwenda mbali zaidi katika njia hiyo. Hutumia sehemu ndogo tu ya hazina aliyofunzwa, naye hurejea neno moja kwa muda mrefu hadi likafanana na dhikri. Msikilizaji husikia nguvu iliyozuiliwa. Unyenyekevu wa mtu asiye na uwezo na unyenyekevu wa mtu aliyeuweka uwezo wake chini ni mambo mawili tofauti, na kafi inazungumzia hili la pili. Sassui hakuwa kijakazi asiye na pa kwenda. Alikuwa na nyumba, akaiacha.

Kwa msingi huu tunaweza kumjibu mtetezi wa Pathanay Khan bila kumpunguzia heshima mwimbaji huyo. Yeye na ustadhi wanafika mahali pamoja kwa njia mbili. Mmoja anaimba kana kwamba hajawahi kuwa na kitu. Mwingine anaimba akiwa na vingi mikononi, na tunamshuhudia akiviachilia kimoja baada ya kingine. Anayezipenda kafi hana sababu ya kuchagua.

6.0 Vigezo vya kuhakiki

Ikiwa rai hii inakubalika, uhakiki wa kafi unahitaji vigezo vyake wenyewe. Tunapendekeza vitatu. Kwanza, pambo litoke ndani ya neno. Mfululizo wa sauti unaovutwa juu ya irabu ya neno "njia" waweza kuwa safari. Mfululizo huo huo ukiwekwa juu ya kiunganishi ni kujionyesha tu. Pili, kibwagizo kirudi kikiwa kizito kuliko kilivyoondoka. Ikiwa baada ya ubeti wa tatu kibwagizo kinasikika vilevile kilivyosikika mwanzo, basi beti zimeimbwa bure, hata kama sauti ilikuwa tamu. Tatu, jina la mtunzi linapotajwa katika ubeti wa mwisho, sauti ya mwimbaji impishe mwenye jina. Wapo waimbaji wanaolifanya jina hilo kuwa kilele cha ushindi wao, na wapo wanaolitaja kama mtu abishaye hodi. Tofauti hiyo peke yake yatosha kumpambanua mwimbaji aliyeielewa kafi na yule aliyeikariri.

Vigezo hivi havimhitaji mhakiki awe mwanamuziki. Vinamhitaji ajue maneno, asikilize onyesho zima na asiridhike na sehemu zilizokatwa. Indhari hii ni muhimu leo kuliko zamani, kwa sababu kanda na santuri zimewafikia wengi kupitia intaneti zikiwa vipande vya dakika chache, na mara nyingi kipande kinachochaguliwa ni kile chenye kasi. Anayekijua kipande hicho peke yake ameona sadaka bila kumwona aliyeitoa.

7.0 Hitimisho: mintarafu ya idara zetu

Huenda msomaji akauliza suala hili linaihusuje idara ya Kiswahili. Uhusiano wa muziki wa pwani yetu na Bara Hindi si wa kubuni. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye santuri. Lakini hata pasipokuwa na safari hiyo, hoja ingebaki pale pale. Sisi nasi tuna ushairi wenye kipokeo, ushairi ambao mtunzi wake hujitaja katika beti za tamati, ushairi uliotungwa uimbwe. Pamoja na hayo, tumekuwa tukiufundisha kwa kuhesabu mizani na kuorodhesha vina. Kipokeo tumekiona kuwa ni mstari unaojirudia, tukaupa alama na kuendelea. Mwanafunzi wa shahada ya pili huweza kuandika tasnifu nzima juu ya shairi ambalo hajawahi kulisikia likighaniwa, wala hakuna mtahini atakayemuuliza.

Kafi katika sauti ya ustadhi inatuonyesha kile tunachokipoteza kwa mazoea hayo. Maana ya kibwagizo haimo katika mstari peke yake; imo katika safari ya mstari huo kutoka mara ya kwanza hadi ya mwisho, na safari hiyo huongozwa na mwimbaji. Kwa hiyo mwimbaji ni mhakiki wa kwanza wa shairi, na katika tungo nyingi amekuwa mhakiki bora kuliko sisi tulio na kalamu. Tunapendekeza kwamba katika somo la ushairi onyesho lichukuliwe kuwa matini yenye hadhi sawa na andiko, na mwanafunzi atahiniwe juu ya yale aliyoyasikia kama anavyotahiniwa juu ya yale aliyoyasoma. Vinginevyo tutaendelea kujua idadi ya mizani katika kila mshororo, tusijue kwa nini watu walikesha wakiusikiliza.